Risala ya Kikundi cha Vijana Waongoza Watalii wa Msitu wa Amani kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mhifadhi,
Mheshimiwa Diwani, wenyeviti wa vijiji, wazee wetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe kwa kuacha majukumu yako mazito ukapanda kona zote kutoka Muheza mpaka huku juu. Tumealika wengi, wewe umefika. Karibu sana Amani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia ya hapa ni ndefu, tutaigusa tu. Bustani ya mimea ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997, ya kwanza ya aina yake Tanzania. Msitu huu ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, na Mto Zigi unaotoka humu ndio unaoinywesha Tanga mjini. Kikundi chetu kilianza na vijana 7, leo tuko 19.

Mafanikio yetu ni makubwa na ya kujivunia. Tumenunua darubini mbili na makoti ya mvua 12. Tumefyeka njia ya kilima cha Mbomole hadi kileleni. Tunao vijana wanaomtambua ndege kwa sauti kabla hajaonekana, na wanaomuona kinyonga wa pembe tatu usiku kwa mwanga wa tochi. Utalii wa ndani unakua kwa kasi: familia zinatoka Tanga na Dar es Salaam kuja kutembea kwa miguu chini ya miti hii.

Changamoto zipo kadhaa, ikiwemo ukosefu wa machela na mafunzo ya huduma ya kwanza. Lakini kamati imekubaliana tusikuchoshe kwa orodha. Tuna jambo moja: kivuko cha miguu.

Njia inayopendwa na wageni kuliko zote inakatiza kijito, na pale pa kuvukia pana gogo. Ni mti ulioanguka wenyewe, ukachongwa kwa shoka upande wa juu, na kando yake tumefunga kamba ya katani. Likilowa linateleza kama sabuni. Mvua ikinyesha huko juu mgongoni mwa mlima, huku chini jua linawaka. Mtu anavuka asubuhi maji yakiwa kwenye vifundo, akirudi saa nane anayakuta kiunoni. Watoto wa kitongoji cha ng'ambo wanapita hapohapo kwenda shule, viatu mkononi.

Vuli iliyopita mzee mmoja, mgeni wetu aliyekuja na wajukuu wake, aliteleza akavunjika mguu. Tulikata miti miwili, mama mmoja aliyekuwa anatoka kuchuma chai akafungua kitenge chake, tukambeba hivyo kwa muda wa saa mbili na nusu mpaka barabarani. Mzee hakulia. Aliuliza neno moja tu: "Wajukuu wangu wamevuka?"

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi hili si geni. Tumelisoma mbele ya wageni rasmi watatu kabla yako, kwa heshima hii hii. Wa kwanza aliagiza wataalamu waje kupima. Walikuja, wakapima, mita 14. Wa pili alisema fedha zimeshatengwa. Wa tatu tulimpigia vigelegele alipotamka kwamba kabla ya masika tutavuka kwa viatu vikavu. Masika mawili yamepita. Kilichofika ni lori moja la kokoto, zikamwagwa kando ya barabara, na sasa zimeota majani. Hatuyasemi haya kumlaumu mtu, tunajua viongozi wetu wana mengi. Tunayasema kwa sababu wazee wetu wameanza kutuambia tuache kuandika risala.

Sisi wenyewe hatukukaa bure. Tumechanga shilingi 1,460,000 na ziko benki. Mawe tumeyasomba kichwani mpaka ukingoni. Mwashi wa kijiji amekubali nusu ya ujira. Mhifadhi ametupa ridhaa na kutuonyesha mahali pa kuchimba bila kugusa mizizi ya miti mikubwa. Kinachopungua ni mifuko 60 ya saruji, nyaya za chuma, na mhandisi wa kusimamia kazi. Kwa unyenyekevu mkubwa, leo hatuombi ahadi. Tunaomba tarehe, na jina la afisa tutakayemfuata tarehe hiyo ikifika.

Ratiba inaonyesha sasa ni ngoma, halafu chakula. Kwa ruhusa yako tumevisogeza mbele kidogo. Kutoka hapa hadi kwenye gogo ni mwendo wa dakika 25, na mabuti ya mvua tumekuwekea pale mlangoni. Vijana wawili watatangulia mbele yako, wawili watakuwa nyuma, na kamba tumefunga mpya jana jioni.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi