Liechtenstein haimo katika Umoja wa Ulaya

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu Liechtenstein, nchi ndogo iliyo kati ya Uswisi na Austria, inasomeka vizuri, ila msomaji atakayeitegemea kupanga safari au biashara atakwama mpakani. Mmeandika kwamba nchi hiyo ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya na inatumia yuro. Yote mawili si kweli. Tangu Mei 1, 1995 imo katika Eneo la Kiuchumi la Ulaya, kama zilivyo Norway na Iceland: bidhaa za viwanda vyake zinaingia soko la Ulaya bila ushuru, lakini haina mbunge wala kura katika Umoja wenyewe. Fedha yake ni faranga ya Uswisi. Maduka mengi ya Vaduz, mji mkuu, hupokea noti za yuro, lakini chenji hurudi kwa faranga, na kiwango cha kubadilishia anakipanga mwenye duka. Heri kulipa kwa kadi au kubadilisha fedha kabla.

Sababu ya kutumia faranga ina miaka mia sasa. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Liechtenstein iliegemea Austria kwa mkataba wa forodha wa mwaka 1852, na watu waliweka akiba kwa kroni ya Austria. Dola ya Austria na Hungaria iliposambaratika, kroni ikaporomoka na akiba zikapotea. Mkataba ukavunjwa mwaka 1919, nchi ikageukia magharibi, ikatia saini mkataba wa forodha na Uswisi mwaka 1923 ulioanza kutumika Januari 1, 1924. Ndiyo maana hadi leo walinzi wa forodha katika kituo cha Schaanwald, mpakani na Austria, ni wa Uswisi, ilhali upande wa mto Rhine unavuka daraja na kuingia Uswisi bila kusimamishwa na mtu.

Hapa wengi huchanganya mambo, na makala yenu imechanganya pia. Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zisizokagua pasipoti kwa kawaida kwenye mipaka baina yao, ambalo Liechtenstein ilijiunga nalo Desemba 19, 2011, inahusu watu. Forodha inahusu mizigo. Mtu akitoka Feldkirch upande wa Austria hadi Vaduz hatakiwi kuonyesha pasipoti kwa kawaida, lakini lori lake la bidhaa lazima lisimame Schaanwald na hati zake zote. Hata mwenye mfuko wa sokoni ana mipaka: nyama isiyotozwa ushuru isizidi kilo moja kwa mtu, na tangu Januari 1, 2025 jumla ya manunuzi yasiyotozwa kodi imeshushwa kutoka faranga 300 hadi 150 kwa mtu. Wanaosomea kanuni za zamani ndio wanaoshtukia wanatozwa kodi ya mzigo wote.

Kuhusu bahari mmesema ni nchi pekee duniani isiyo na pwani iliyozungukwa na nchi zisizo na pwani. Ziko mbili, ya pili ni Uzbekistan. Uganda, Rwanda na Burundi hazimo katika kundi hilo, kwa kuwa kila moja ina angalau jirani mmoja mwenye bandari yake baharini.

Kosa linaloniudhi zaidi ni lile la kusema Mwanamfalme ni pambo tu la sherehe. Hans-Adam II ni mkuu wa nchi tangu 1989, na tangu Agosti 2004 kazi za kila siku anazifanya mwanawe Alois. Bunge lina viti 25, 15 vya jimbo la uchaguzi la Oberland na 10 vya Unterland, na muswada uliopitishwa na wabunge wote bado si sheria mpaka Mwanamfalme auridhie. Anaweza pia kulivunja Bunge. Mwaka 2012 wananchi waliulizwa kama turufu hiyo ya kukataa sheria ipunguzwe pale ambapo wao wenyewe wameshapiga kura ya maoni. Asilimia 76 wakakataa. Binafsi sioni raha kwa mtu asiyechaguliwa kushika turufu ya namna hiyo, lakini katiba iliyorekebishwa mwaka 2003 imeacha mlango: raia 1,500 wakitia saini wanaweza kuanzisha kura ya kutokuwa na imani naye, au hata utaratibu wa kuufuta utawala wake kabisa. Kila moja ya manispaa 11 inaruhusiwa kuanzisha utaratibu wa kujitenga. Na mnaposifu demokrasia yake kongwe, kumbukeni kwamba wanawake walipata kura ya kitaifa mwaka 1984 tu, baada ya wanaume peke yao kupiga kura ya maoni: 2,370 walikubali na 2,251 walikataa.

Benki zipo, na aibu ya mwaka 2008 ya kuvuja kwa data za wateja waliokwepa kodi Ujerumani ilitikisa nchi; mwaka uliofuata serikali ikakubali viwango vya OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea) vya kubadilishana taarifa za kodi. Lakini nchi hii ni ya viwanda kwanza. Hilti, ambayo drili zake mafundi wengi wa ujenzi wanazijua, ilianzishwa Schaan mwaka 1941 na makao yake makuu yako hapo hapo. Ivoclar, pia ya Schaan, hutengeneza vifaa vya meno bandia. Nchi ina watu wapatao 40,000 na nafasi za kazi zaidi ya hizo, kwa hiyo zaidi ya nusu ya wafanyakazi huingia asubuhi kutoka Uswisi, Austria na Ujerumani na kurudi makwao jioni.

Si kwamba wanapenda barabara. Vibali vya kuishi vimebanwa: kwa raia wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya ni kama 56 kwa mwaka kwa wanaokwenda kufanya kazi na 16 kwa wasiofanya kazi, na nusu yake hutolewa kwa bahati nasibu. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania hahusiki na bahati nasibu hiyo, kwa hiyo akitokea mtu wa kuwauzia fomu zake, msitoe hata shilingi.

Kwa mgeni wa matembezi, viza ni ya Schengen na huombwa ubalozi wa Uswisi, maana Liechtenstein haina balozi zake Afrika Mashariki. Kutoka Zürich kwenda Vaduz si kutoka Schengen, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja inatosha. Uwanja wa ndege hakuna. Panda treni Zürich hadi Sargans, kama saa moja, kisha basi namba 11 hadi Vaduz. Reli ya Buchs, Uswisi, hadi Feldkirch hupita nchini kwa takriban kilomita 9, na kituo cha Schaan-Vaduz kipo kweli, ila treni za kasi za Vienna hupita bila kusimama. Ukisinzia ndani yake utashtukia uko Austria.

Msomaji wenu,
St. Gallen, Uswisi