Karatasi za nyumba zitafutwe kabla ya mteja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee hili swala la kuuziana nyumba hapa Dar, maana watu tunaumia na naona kila mtu anaugulia kwake kimya kimya. Yaani mnakubaliana bei vizuri, mnashikana mikono, dalali anashinda anakuita bosi, unaanza mpaka kuulizia shule za watoto za jirani, alafu baada ya mda unapigiwa simu unaambiwa bosi ile nyumba imeingia maneno. Na ndo imetoka hiyo.

Mimi na mke wangu tulikuwa tunatafuta nyumba upande wa Tabata. Hela tumeunga unga, kuna mkopo wa kazini na kuna hela ya kiwanja tulichouza Chanika. Tukapata nyumba ya vyumba vitatu, ina uzio, bomba linatoa maji, mwenye nyumba mzee mmoja mstaarabu sana. Tukampa kishika uchumba, yaani hela ya awali ya kuishikilia nyumba, tukaenda kwa wakili kuandikishana. Mkataba umeshachapwa uko mezani, mzee kashika kalamu, wakili akauliza, mzee wangu, mama yuko wapi asaini ridhaa? Mzee akajibu yuko Moshi, haya mambo yeye hayamhusu. Wakili akasema basi mpigie tumsikie. Simu ikawekwa loudspika pale mezani, mama wa watu akasalimia vizuri kabisa, akaelezwa, akanyamaza kidogo alafu akauliza, "Nyumba ipi hiyo? Hii ambayo bati nimenunua mimi?" Hakuna aliyejibu. Mzee akaiweka kalamu chini, akavaa kofia yake.

Kwakweli yule mama simlaumu hata kidogo, ana haki yake. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 inasema nyumba ya wanandoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, hata kama hati ina jina la mmoja. Sheria hii ina zaidi ya miaka 50, sio kitu cha jana. Kinachoniuma ni kwamba swali la mama yuko wapi limeulizwa siku ya kusaini, wakati dalali alitembeza watu kwenye ile nyumba wiki na wiki na kila mtu kalipishwa hela ya kuonyeshwa. Hivi kweli hakuna hata mmoja aliyefikiria kumuuliza mzee kama mama wa nyumba anajua? Kishika uchumba chetu kilirudi, lakini kilirudi vipande vipande, leo laki mbili, mwezi ujao laki moja, na wakati huo nyumba nyingine tuliyokuwa tumeiona imeshachukuliwa.

Na sio ridhaa ya mwenza tu. Nimeongea na wenzangu kazini na mtaani, karibu kila mtu ana yake. Kuna nyumba za urithi, kaka mkubwa anauza kwa ujasiri kabisa kumbe mahakama haijamteua kuwa msimamizi wa mirathi, yeye kakabidhiwa funguo tu na ukoo siku ya arobaini, mkifika kwenye kuhamisha jina wadogo zake wanatokea kutoka Tanga na Mwanza kila mmoja anadai fungu lake. Kuna nyumba hati yake iko benki, mwenye nyumba anakuonyesha kopi, original anasema iko kijijini kwa usalama, ukienda kufanya upekuzi, yaani kukagua rekodi za hati, ofisi ya Msajili wa Hati unakuta ina rehani. Watu wa Kimara nao wanajua, tangu zile bomoabomoa za nyumba zilizokuwa kwenye hifadhi ya barabara ya Morogoro mwaka 2017 mnunuzi mwenye akili anauliza kwanza nyumba iko mita ngapi kutoka barabarani, na muuzaji hana mchoro wa kumuonyesha anabaki kuapa tu.

Alafu kuna kodi. Muuzaji anapanga bei kichwani akijua ile hela yote ni yake, hajui kwamba kuna kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, na bila kuilipa jina halihami. Akishaambiwa anataka mnunuzi ndo ailipe, mnunuzi naye ana ushuru wa stempu asilimia 1, ana wakili, ana mthamini, ana dalali, na mtaani bado kuna watu wanamdai asilimia ya kugonga muhuri kwenye makubaliano. Hapo mtu anajitoa. Na wanaonunua kwa mkopo wa benki ndo kabisa, benki inataka uthamini na inakagua kila karatasi, kabla haijamaliza anakuja mtu na keshi, muuzaji anabadilika, simu hapokei tena.

Wauzaji nao wanaumizwa, nisiwe na upendeleo. Kuna mama jirani yetu alitoa wapangaji kwa sababu mteja kaleta advansi na kasema anahamia mwisho wa mwezi, mteja akapotea, yule mama akakaa na nyumba tupu bila kodi huku ana mtoto chuo.

Sasa mimi ombi langu ni moja. Nyumba isianze kutembezewa wateja mpaka mwenye nayo awe na bahasha yake kamili: upekuzi wa karibuni, ridhaa ya mwenza imesainiwa, kama ni urithi basi barua ya mahakama ya usimamizi, risiti ya kodi ya pango la ardhi, na hesabu ya kodi ya kuuza aijue mapema. Hivi vyote lazima vitafutwe tu, hakuna anayevikwepa, shida yetu tunavitafuta wakati mtu ameshatoa hela na ameshahama kimawazo. Wizara ya Ardhi na halmashauri waliweke hili kama sharti, na dalali anayetembeza nyumba isiyo na bahasha asiruhusiwe kupokea hata mia. Kishika uchumba nacho kikae kwenye akaunti ya wakili, kisikae mfukoni kwa muuzaji wala kwa dalali, mpaka jina lihame au mauziano yavunjike kwa maandishi na kila mtu arudishiwe chake kwa mkupuo mmoja.

Wenyeviti wa mitaa na nyinyi nawaomba, kabla hamjagonga muhuri kwenye makubaliano ulizeni mke yuko wapi, mume yuko wapi, ndugu wako wangapi. Nyinyi mnazijua hizi familia kuliko mawakili wa mjini.

Mwalimu wa sekondari,
Ilala, Dar es Salaam