Malalamiko kuhusu monita iliyotangazwa kuwa na rangi sahihi

Mchoraji wa kidijitali,
Shangani,
Mtwara.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Vifaa vya Kompyuta,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MONITA ISIYO NA WIGO WA RANGI ULIOTANGAZWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mchoraji wa kidijitali hapa Mtwara, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni michoro ya vifungashio vya bidhaa. Nilinunua kwenu monita ya inchi 24 ambayo tangazo lenu lilisema ina asilimia 100 ya wigo wa rangi (jumla ya rangi ambazo skrini inaweza kuonyesha) wa sRGB, kiwango cha kawaida cha rangi za kompyuta na intaneti, na kwamba imesawazishwa rangi kiwandani. Ni kwa sababu ya sifa hizo mbili nililipa bei iliyozidi sana ile ya monita za kawaida za ofisini.

Shaka ilianza nilipokuwa nachora lebo ya kikundi cha kina mama wanaobangua korosho. Bibo lililoiva nililoliweka mezani lilikuwa na wekundu mkali unaogeuka kuwa wa chungwa karibu na kikonyo, lakini kwenye skrini wekundu huo ulififia kila nilipouchora, na nilipoukoleza hadi ukafanana na bibo lenyewe, karatasi ya majaribio kutoka kwa mchapaji ilitoka na wekundu mzito uliofunika vivuli vyote. Picha ya kinyago cha mpingo nayo ilipoteza mikato ya patasi ambayo kwenye simu inaonekana waziwazi. Kwenye monita yenu yote ilimezwa na weusi mmoja.

Sikutaka kulalamika kwa kukisia. Niliazima kipima-rangi kwa mpiga picha mwenzangu, nikaiacha monita iwake nusu saa ili mwanga wake utulie, nikafunga mapazia, ndipo nikaipima. Nyeupe yake ilikuwa karibu kelvini 8,000, yaani iliyoingia ubuluu, wakati sRGB inataka nyeupe ya D65, ambayo ni takriban kelvini 6,500. Gama, yaani jinsi mwanga unavyopanda kutoka weusi hadi weupe, inayopaswa kukaribia 2.2, ilifika 2.6 kwenye rangi za giza, na ndiyo iliyomeza mikato ya kinyago. Hayo niliweza kuyarekebisha: nilipunguza bluu kwa vitufe vya monita yenyewe, nikaweka mwangaza kwenye kandela 120 kwa mita ya mraba, programu ya kipima-rangi ikatengeneza profaili ya ICC, faili inayoieleza kompyuta rangi za monita, na kijivu kikawa kijivu. Monita iliyosawazishwa kweli kiwandani isingehitaji marekebisho makubwa kiasi hicho, lakini kwa hilo peke yake nisingewaandikia. Kisichorekebishika ni wigo wa rangi, ambao kwa kipimo ulikuwa asilimia 62 tu ya sRGB.

Kijitabu kilichokuja ndani ya boksi kinathibitisha kipimo hicho. Kimeandika kuwa paneli, yaani skrini yenyewe, ina asilimia 45 ya NTSC, kiwango cha televisheni ya Marekani cha mwaka 1953 ambacho ni kipana kuliko sRGB, kwa kuwa eneo lote la sRGB ni takriban asilimia 72 yake. Gawanya 45 kwa 72 na jibu litakuwa asilimia 62.5, karibu sawa kabisa na nililolipata kwa kifaa. Aliyeandika tangazo lenu aidha hakukisoma kijitabu hicho, au alikisoma akaandika tofauti.

Mhudumu wenu alinijibu kwamba nisawazishe upya, akanitumia faili ya profaili kwa baruapepe. Jibu hilo linamtwisha mteja kasoro iliyoko kwenye paneli. Usawazishaji huiweka monita kwenye nyeupe, mwangaza na gama inayotakiwa, na profaili huieleza programu ya kuchorea jinsi monita hiyo inavyoonyesha rangi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kuongeza wekundu ambao taa na vichujio vya paneli haviwezi kuutoa. Kibaba hakiwi pishi kwa kupimwa kwa uangalifu. Isitoshe, profaili mliyonitumia ilitengenezwa kwa kupima monita nyingine, na hata monita mbili za toleo moja hutofautiana. Nilipoiweka, kijivu kilirudi kuwa na uwaridi.

Sisi tulio Mtwara na Lindi hatuna nafasi ya kufika dukani kuiwasha monita kabla ya kulipa. Tunasoma tangazo, tunatuma pesa kwa simu, na mzigo unasafirishwa kwa basi zaidi ya kilomita 500. Tangazo likiwa si la kweli, hatuna kingine cha kutukinga.

Naomba mnibadilishie kwa monita ambayo wigo wake wa sRGB utakuwa umepimwa na kufikia angalau asilimia 95, au mnirudishie fedha zote, na kwa vyovyote vile mgharimie usafirishaji wa kwenda na kurudi. Naomba pia tangazo hilo, ambalo hadi leo halijaondolewa, lirekebishwe lifuate kijitabu. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, na nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14 nitalifikisha suala hili Tume ya Ushindani.

Nimeambatisha risiti, nakala ya tangazo, ukurasa husika wa kijitabu na matokeo ya vipimo. Monita iko ndani ya boksi lake, tayari kurudishwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mteja wenu, Mtwara.