Wakati wa kuuza mmetwambia, pa kuuzia je?

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma toka niko shule na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini ile taarifa yenu ya kutuhimiza tutoe dhahabu na silva zetu kabatini tukauze kwa vile bei ya dunia imepaa, hiyo imenishinda kunyamaza. Mkaweka na picha ya mikufu inang'aa. Mkasema Oktoba 2025 dhahabu imevuka dola 4,000 kwa aunsi na silva imevuka 50, kwa hiyo huu ndo wakati. Sawa, bei ni kweli. Sasa mlimuuliza nani anayeuza kwa kuangalia bei?

Huku kwetu Tanga mtu hauzi mkufu kwa sababu London wamepandisha. Anauza kwa sababu mtoto karudishwa shule hajamaliza ada, au mgonjwa yuko wodini na dawa zinatakiwa leo, au kuna msiba. Januari ikifika nenda madukani kwa masonara uone kina mama walivyokaa kwenye benchi na vitambaa vyao vimefungwa fundo, na sonara naye anaijua Januari vizuri kuliko sisi. Na hata hao wenye nafasi ya kusubiri, wangesubiri mpaka lini? Januari 1980 silva ilifika karibu dola 50, mwisho wa Machi mwaka huohuo ikawa kama dola 11. Aprili 2011 ikakaribia tena hapohapo, Mei ikaporomoka. Aliyeikosa ile ya 1980 akasema ngoja ivuke dola 50 kasubiri miaka 45, watoto wameshakua wameshaoa.

Kinachotuumiza sisi ni wapi na kwa nani, na hilo hamkuligusa kabisa.

Mama yangu mkubwa alikuwa na mkufu wa dhahabu wa karati 22 (karati ndo kipimo cha usafi wa dhahabu, safi kabisa ni 24), furungu za silva za bibi yake, zile bangili za miguuni, na riale kadhaa, zile sarafu za silva za zamani zenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, na mwaka 1780. Alipougua alikwenda duka moja la sonara peke yake, hakutaka kutusumbua watoto. Yule bwana akaweka vyote kwenye mizani kwa pamoja, dhahabu na silva, mizani yenyewe imegeukia kwake, mama mkubwa anaona mgongo wa mashine tu. Akasugua mkufu kwenye jiwe, akadondosha tindikali, akasema hii haifiki 22, hii ni 18, na pale kwenye ndoana kuna lehemu kwa hiyo nakata gramu, na hapa kuna uchafu nakata tena, na hizi silva mama ni za kizamani hazina soko nakuchukulia tu nikusaidie. Akataja hesabu moja ya jumla kwa vyote. Hakumwandikia gramu ngapi, hakumwandikia karati, risiti hakuna, na mama mkubwa kwa adabu zake akasema ahsante mwanangu akachukua hela akaenda hospitali. Sasa piga hesabu Mhariri. Riale moja ina gramu 28 na kidogo, na silva safi ndani yake ni gramu 23 na ushee, aunsi inayotumika kwenye madini ni gramu 31.1, kwa hiyo silva ikiwa dola 50 hiyo riale moja kwa uzito wake mtupu ni kama dola 37. Hiyo ndo aliyoambiwa haina soko! Na mkufu kutoka karati 22 kushushwa 18 maana yake kila gramu imenyofolewa sehemu karibu ya tano ya thamani yake kabla hata hajaanza kukata ya uchafu na ya lehemu. Halafu zile furungu, kazi ya mkono ya mafundi ambao hawapo tena, nasikia ziliyeyushwa wiki hiyohiyo. Mtu anayejua vitu vya kale angezinunua zaidi ya uzito wake, lakini nani alimwambia mama mkubwa kwamba watu hao wapo? Inaniuma mpaka leo, na kinachoniuma zaidi ni ile ahsante aliyotoa.

Simkatalii sonara faida. Ana kodi ya pango, ana mafundi, kuyeyusha na kusafisha kuna gharama, akikata asilimia yake aiseme tujue. Lakini bei ya silva inapangwa London kila siku ya kazi na ya dhahabu mara mbili kwa siku, yeye anayo kwenye simu yake pale mezani, mwenye mali ndo hana.

Na mbona mchimbaji katafutiwa dawa? Toka Machi 2019 lilipofunguliwa soko la madini Geita na mengine yakafuata, mchimbaji mdogo anapeleka dhahabu yake inapimwa mbele ya maofisa, bei elekezi ya Tume ya Madini ipo, na Benki Kuu nayo inanunua. Nafurahi kwa ajili yao kwa dhati. Ila dhahabu hiyohiyo ikishageuka bangili ya mama haina soko, haina ofisa, haina bei elekezi.

Mambo ya mizani ndo hayohayo hata kwa mkulima. Ndugu zangu wa Lushoto bado wanashindiliwa lumbesa, gunia limevimba na kofia juu limeshonewa kamba, linauzwa kama gunia moja, na lumbesa ilishapigwa marufuku siku nyingi. Wanasema tajiri akikataa kubeba viazi vitaozea barabarani. Basi ndo hivyo, mwenye shida hana sauti mbele ya mwenye mizani.

Mimi nataka hivi. Kila duka la sonara liweke ubao mlangoni, ifikapo saa nne asubuhi uwe umeandikwa bei ya kununulia gramu moja ya dhahabu ya karati 18, 21 na 22, na silva ya 925, yaani yenye sehemu 925 za silva safi kwa kila 1,000, kwa chaki tu inatosha. Mizani iwe na stika ya Wakala wa Vipimo na igeukie kwa mteja, silva ipimwe mbali na dhahabu, na risiti iandikwe gramu na karati. Masoko ya madini yatoe dirisha moja hata Jumamosi tu, mama apeleke mkufu wake upimwe na mashine, apewe karatasi, ndo aende nayo dukani.

Na ninyi kila siku mnachapa bei ya dola na pauni. Ongezeni mstari wa bei ya gramu ya silva na dhahabu kwa shilingi. Kama nafasi ni finyu, punguzeni ukurasa wa nyota.

Msomaji wenu,
Tanga