Vyuo vya Dodoma, fildi isiishie kwenye logibuku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vyuo vyetu vya hapa Dodoma kuhusu fildi, yaani yale mafunzo ya vitendo ambayo wanafunzi huenda kuyafanya kazini. Nina steshenari Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Nachapa, natoa kopi, naskani vyeti na kuwasaidia wahitimu kujaza maombi ya kazi. Siku hizi wengi wanaoleta CV wanataka pia niwasaidie kufungua akaunti ya LinkedIn, ule mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, maana wameshasikia kwamba mwajiri huandika kwanza jina la mwombaji kwenye Google, ndipo ampigie simu.

Kinachoniumiza ni kuona akaunti hizo zote zinasema kitu kimoja: kijana mchapakazi, mwenye maono, anayependa changamoto. Ukisoma ya huyu umesoma ya wote.

Alikuja binti mmoja aliyesomea mambo ya maji, naye ameandika hayo hayo. Nikamuuliza, fildi ulifanya nini? Akanieleza vizuri kabisa: alizunguka vijiji vya Chemba akikagua visima vya pampu za mkono, anaandika kipi kinatoa maji, kipi kimekufa na kimekufa kwa nini. Vingine vilikuwa vimelala kwa sababu ya wosha tu, kile kipira kidogo cha pampu, kuchakaa, na kina mama wanatembea hadi kijiji cha pili. Nikamwambia, mbona hayo hujayaandika? Akanijibu, "Mama, hayo si mambo madogo tu?" Tuliyaandika palepale, pamoja na majina ya vijiji na mwezi aliokwenda.

Tukakwama mahali pamoja. LinkedIn ina sehemu ya mtu uliyefanya naye kazi kukuandikia pendekezo kwa jina lake, na wewe huwezi kulibadilisha neno. Unachoweza ni kukubali lionekane, kulificha au kumwomba alirekebishe. Hapo ndipo penye uzito, kwa sababu mengine yote mtu amejisemea mwenyewe. Lakini msimamizi wake alikuwa ameshahamishwa na simu yake haipatikani. Alichoshuhudia kimebaki kwenye logibuku, lile daftari la kumbukumbu za fildi, na logibuku iko kwenye kabati la chuo.

Ndiyo maana naviomba vyuo: kabla mwanafunzi hajaondoka kwenye kituo cha fildi, awe ameshafungua akaunti, ameandika alichokifanya, na msimamizi ameshamwandikia pendekezo. Mwalimu anayekwenda kuwakagua alitazame hilo kama anavyotazama logibuku. Haliongezi gharama kubwa zaidi ya bando.

Najua wapo watakaosema kazi za Serikali zinapita Ajira Portal. Ni kweli, na huko nawajazia kila siku. Lakini nafasi za Serikali haziwatoshi wahitimu wote. Wakandarasi, mashirika na kampuni binafsi nao wanaajiri, na hao wana njia zao za kumjua mtu.

Wanafunzi nao wafundishwe mambo ambayo mimi nayarudia kila siku kaunta. Jina liwe lile lililo kwenye vyeti, kwa mpangilio uleule, kwa sababu mwenye jina moja kwenye shahada na lingine mtandaoni hapatikani akitafutwa. Akaunti za zamani za utotoni zifungwe au zifichwe. Na jambo linalonitisha kuliko yote: vijana wanabandika picha ya cheti kizima, namba na saini vikionekana, wengine hadi kitambulisho cha NIDA, kwa furaha ya kuhitimu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini namba uliyoianika mwenyewe ikishasambaa, nani atairudisha? Andika umehitimu nini, wapi na mwaka gani, inatosha. Na ukitumia kompyuta ya steshenari, yangu au ya mwingine, toka kwenye akaunti yako kabla hujainuka. Nakuta akaunti za watu ziko wazi karibu kila jioni.

Kwa wasimamizi wa fildi maofisini: mwanafunzi akikuomba, usimwambie "andika mwenyewe nitakubali." Sentensi tatu zako mwenyewe zinamtosha: alikuwa kwenu lini, mlimpa kazi gani, na wewe ulimwona akiifanyaje.

Msomaji wako,
Mama wa steshenari,
Ng'ong'ona, Dodoma