Kipima tetemeko cha kuenea kiganjani

Kirumba, Mwanza

Ndugu yangu Rwegasira,

Salaam nyingi. Sisi wazima, tunalalamikia joto tu. Uliniuliza ninahangaika na nini siku hizi hadi nimeadimika, na mambo haya kwenye simu hayaelezeki.

Natengeneza kipima tetemeko kidogo. Lile la Septemba 10, 2016, la kipimo cha 5.9, lililowabomolea nyumba huko Bukoba, hata huku tulilisikia. Kubwa namna ile hata simu yako ingelinasa. Mimi nayataka madogo, yanayopita watu wamelala.

Kanuni ni ya zamani: ning'iniza uzito kwenye springi, ardhi ikisogea, uzito unachelewa kuifuata, nawe unapima tofauti. Ndani ya jiofoni, kihisio cha mtetemo wa ardhi, ni koili ya waya na sumaku, zikipishana zinatoa umeme. Kasheshe inaanza ukipunguza umbo. Chembe za hewa haziachi kuupiga ule uzito kila upande. Ukiwa mkubwa, haujali. Ukiwa mdogo, unayumba kama mtumbwi usio na mzigo, na kuyumba huko kunaumeza mtetemo unaoutafuta. Ndiyo maana mafundi wa kweli hunyonya hewa kwenye kasha, hulegeza springi, na huacha uzito mkubwa kadiri nafasi inavyoruhusu. Watafiti wa chuo cha Imperial College London walichonga springi na uzito wake kwenye kipande kimoja cha silikoni, ile ya kutengenezea chipu za kompyuta, upana kama sentimita 2.5, kikatua Mars mwaka 2018 na chombo cha InSight. Mimi na jiofoni yangu ya kununua napigana tu na kelele za amplifaya, yaani vurugu za umeme za kifaa kinachoikuza ishara.

Raha ya Mwanza ni majabali. Ukikikalisha kifaa juu ya mwamba kinatulia kuliko kwenye udongo. Ila ziwa nalo lina vituko: upepo ukichacha, mawimbi yanaitikisa ardhi na grafu yote inachafuka. Bodaboda usiseme.

Sasa ombi. Muombe baba yako mdogo nikiweke cha pili kule kijijini, penye mwamba, mbali na barabara, migombani hapana. Kimoja hakiwezi kusema tetemeko limetokea wapi. Lazima ulinganishe saa mawimbi ya tetemeko yalipofika kwenye vituo visivyopungua vitatu. Cha tatu nakitafutia mtu Geita, ingawa baruti za migodini zitatusumbua.

Nijibu kabla ya vuli, kasha langu bado linavuja maji. Na uulize kama umeme upo usiku kucha.

Msalimie Mama Koku.

Wako,
Masanja