Shukrani kwa wakili wetu

Wakili, ulituomba tusikutaje jina, nasi tunaliheshimu ombi lako. Lakini kukushukuru ni lazima. Ulitutetea bila kudai hata senti. Ile ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, iliyotutisha kwa unene wake, uliisoma nasi ukurasa kwa ukurasa, mpaka wazee wetu wakaanza kuuliza maswali mazito kuliko ya vijana. Ukatufundisha kuandika tarehe, saa na mahali kwenye kila chupa ya maji tuliyochota mtoni. Tena ukatueleza kwamba mwaka 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua mazingira safi kuwa haki ya binadamu. Tangu hapo hatukuongea tena kama waombaji. Ahsante sana, Mungu akuzidishie.